Jino la mbele la mtoto likitoka au kuvunjika: fanya hivi kabla hujafika hospitali, na haya tutafanya ukifika

Ukikuta jino la mtoto wa darasa la tatu limelala kwenye mchanga wa uwanja, liokote kwa kulishika kichwa, ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka. Mzizi usiuguse. Kama mtoto yuko macho na anazungumza vizuri, lirudishe pale pale lilipotoka, kabla hujatafuta bodaboda na kabla hujampigia mzazi simu.

Najua ushauri huu unawashtua walimu wengi. Wamezoea kwamba jino ni kazi ya daktari, na wao kazi yao ni kumfikisha mtoto. Mimi ni tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya hapa mwambao wa Tanga, na nakuambia wazi: gego lililooza limechukua miaka kuharibika, lakini jino la mbele lililong'oka hupotea ndani ya saa moja, na saa hiyo mimi sipo. Yupo mwalimu wa zamu, mama, dada wa kazi au kaka mkubwa aliyekuwa naye mpirani. Ndiyo maana naandika kwa ajili yenu kwanza, kisha kwa wenzangu wa vituo vya afya watakaompokea mtoto.

Mtazame mtoto kabla ya kutazama jino

Je, alipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi? Anatapika, anasinzia, anaongea yasiyoeleweka, damu au maji yanamtoka sikioni au puani? Huyo ni mgonjwa wa kichwa. Mpeleke hospitali moja kwa moja, na jino lisafiri ndani ya maziwa. Akiwa ameangukia kidevu, mwambie afungue na kufunga mdomo taratibu. Taya likienda upande, au meno yakikataa kukutana kama zamani, huenda mfupa umevunjika karibu na sikio, mahali pasipoonekana kwa nje.

Damu ya mdomoni hutisha kwa sababu huchanganyika na mate ikaonekana nyingi. Mpe kitambaa safi aume, mkalishe akiwa ameinama kidogo mbele ili asimeze damu. Kisha hesabu meno. Kipande kisichoonekana kinaweza kuwa kimejificha ndani ya mdomo uliochanika, na mtoto anayekohoa bila kukoma baada ya ajali anaweza kuwa amekivuta kifuani. Hilo lazima litazamwe kwa eksirei.

Kisha jiulize: hili ni jino la utoto au la ukubwani? Meno mawili ya katikati ya chini ya ukubwani huota kati ya miaka 6 na 7, yale mawili makubwa ya juu kati ya 7 na 8, na ya pembeni yake kati ya 8 na 9. Jino la ukubwani ni pana, rangi yake inaelekea unjano kidogo, na likiwa jipya ukingo wake una vimeno vidogo vidogo kama msumeno. Jino la utoto ni dogo na jeupe zaidi. Jino la utoto halirudishiwi kamwe, maana juu ya shimo lake kuna jino changa la ukubwani linalojengeka, na ukisukuma utaliumiza. Hilo mwache mtoto alirushe juu ya paa kama wenzake.

Jino zima lililotoka

Mzizi wa jino umezungukwa na nyuzi nyembamba zinazolishikiza kwenye mfupa. Jino linapong'oka, nyuzi hizo hukatika katikati, nusu hubaki kwenye shimo na nusu kwenye mzizi, zikiwa na chembe hai. Chembe hizo zikikauka zinakufa, na zikifa jino haliwezi kushika tena inavyotakiwa. Jens Ove Andreasen wa Copenhagen, aliyetumia maisha yake kuchunguza meno ya ajali, alichapisha na wenzake mwaka 1995 matokeo ya meno 400 ya mbele yaliyorudishiwa. Muda ambao jino lilikaa kavu ni miongoni mwa mambo yaliyoamua mwisho wake. Ndani ya dakika 15 matumaini ni makubwa. Likipita saa moja likiwa kavu, chembe zile uzihesabu zimekwisha.

Kwa hiyo usilisugue. Niliwahi kuletewa jino ambalo mtu mwenye nia njema kabisa alilisugua kwa sabuni ya kufulia na brashi mpaka mzizi ukang'aa, kisha akalifunga kwenye karatasi ya chooni. Lilikuwa safi kweli, lakini kila kilicho hai juu yake kilikuwa kimeondolewa. Spiriti, dettol na chumvi ya jikoni nazo hufanya hivyo hivyo.

Likiwa na mchanga, lisuuze haraka kwa maziwa, maji ya dripu ya chumvi (normal saline), au mate ya mtoto mwenyewe. Ukikosa vyote hivyo, maji safi kidogo kwa sekunde chache tu, na usiliache humo likaloweka. Kisha lirudishe. Mwalimu mmoja alinipigia simu akiwa amelishika jino mkononi, mtoto analia mbele yake, naye sauti inamtetemeka.

“Daktari, nitajuaje upande wa mbele?”

“Mwalimu, lipapase bila kugusa mzizi. Upande mmoja umetokeza kidogo na ni laini, huo utazame mdomo wa nje. Upande wa pili umebonyea, huo utazame ulimi.”

“Linakwama.”

“Hiyo ni damu iliyoganda. Endelea kusukuma polepole kwa kidole gumba, usitumie nguvu. Tazama jirani yake. Yakilingana urefu, umefika.”

Kimya kidogo, kisha akasema limeingia. Nikamwambia amkunjie mtoto leso aiume kwa upole, asitafune, na waje hivyo hivyo. Yule mtoto alifika jino likiwa mahali pake, na kazi yangu ikawa kulifungia tu. Maumivu? Yapo, lakini dakika zile za mwanzo huwa ni madogo kuliko watu wanavyodhani, na kila unavyochelewa yanaongezeka.

Usilirudishe kama mtoto amezimia au ana degedege, wala kama ana ugonjwa mkubwa wa moyo au kinga yake imeshuka sana. Hao waamuliwe na daktari. Pia kama mtoto anakataa kabisa, usipigane naye. Liweke jino kwenye maziwa, na kimbia.

Nisemeje kuhusu maziwa? Yawe maziwa ya kawaida yasiyochachuka, ya pakiti au ya ng'ombe aliyekamuliwa leo, na yakiwa baridi ni bora zaidi. Mtindi haufai, una asidi. Chai ya maziwa haifai. Huku kwetu naulizwa sana kuhusu dafu: maji ya dafu nayo yana asidi kiasi, na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 ya majeraha ya meno haijayaweka kwenye orodha yake. Orodha hiyo inaanza na maziwa. Yakikosekana maziwa, mtoto ateme mate kwenye kikombe na jino likae humo, au tumia maji ya dripu kutoka zahanati. Usimwambie mtoto mdogo aliweke shavuni, atalimeza. Maji ya bomba ni ya mwisho kabisa, ila hata hayo ni afadhali kuliko leso kavu mfukoni.

Na kama saa nne zimepita, jino limekauka? Lilete. Bado tunaweza kulirudisha. Litashikana moja kwa moja na mfupa, na mwili utalila mzizi wake kidogo kidogo, lakini kwa miaka kadhaa litamtunzia mtoto sura yake na kuuzuia mfupa wa mbele usinywee. Kwa msichana wa miaka kumi anayeingia darasani kila siku, miaka hiyo ina maana kubwa.

Kwa mwenzangu uliyepo kituoni

Kama jino limesharudishwa na mzazi, usilitoe. Safisha, hakikisha kwa macho na kwa eksirei kwamba limekaa sawa, kisha lifunge. Kama limekuja kwenye maziwa, liache humo humo unapochukua maelezo na kuandaa vifaa. Piga ganzi, ikiwezekana isiyo na adrenalini. Osha shimo kwa maji ya dripu kutoa damu iliyoganda, angalia kama ukuta wa mfupa umeingia ndani na uurudishe, kisha sukuma jino taratibu kwa vidole. Fizi iliyochanika shingoni mwa jino ishone.

Kufunga jino ndiko kunakowakwamisha wengi, wakidhani lazima kuwe na vifaa vya mjini. Kinachotakiwa ni ufungaji unaoruhusu jino kutikisika kidogo, kama linavyofanya siku zote mtu anapotafuna. Waya mwembamba usiozidi milimita 0.4 unatosha. Na kama huna waya, nenda sokoni kwa wauza zana za uvuvi ukanunue mshipi wa nailoni wa unene wa milimita 0.13 hadi 0.25; miongozo yenyewe inauruhusu. Naupenda mshipi kwa sababu haumchomi mtoto mdomoni. Kausha sura ya mbele ya jino lililoumia na ya jirani zake wazima wa pande zote mbili, paka asidi ya kuandalia, osha, kausha, paka gundi, kisha weka tone la kompositi (dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, inayoganda kwa taa) katikati ya kila jino, laza mshipi juu yake, funika kwa tone jingine na uangaze taa. Anza na meno mazima, malizia na lililoumia huku umelishikilia mahali pake. Kompositi isiguse fizi wala isijaze nafasi kati ya jino na jino, vinginevyo mtoto hawezi kupiga mswaki na fizi zitavimba.

Zile chuma nene za kufungia taya lililovunjika, zinazokazwa kwa waya unaozungushwa shingoni mwa meno, tafadhali usiziweke hapa. Zinaumiza fizi, na jino lisilotikisika kabisa hushikana na mfupa haraka.

Jino lililong'oka lote hufungwa kwa wiki 2. Kama mfupa wa shimo nao umevunjika, wiki 4. Mpe amoksilini kwa uzito wake kama hana mzio, parasetamo ya maumivu, na uliza chanjo ya pepopunda, hasa kama jino lilidondoka kwenye udongo.

Halafu kuna swali la mzizi. Jino likiota, mzizi wake huwa haujakamilika. Ncha ya ndani inabaki wazi kwa miaka miwili mitatu zaidi, kwa hiyo mtoto wa miaka 8 na wa miaka 12 hawatibiwi sawa. Ncha ikiwa wazi na jino lilirudi mapema, mishipa ya damu inaweza kuota tena ndani: usifungue jino, subiri na fuatilia kwa karibu. Ncha ikiwa imefungwa, mishipa haitarudi. Anza kutibu mzizi ndani ya wiki 2, ikiwezekana jino likiwa bado limefungwa, weka kalsiamu haidroksaidi ndani kwa hadi mwezi mmoja, kisha ziba mzizi. Ukingoja mpaka mtoto alalamike, uchafu wa ndani utakuwa umeanza kuula mzizi kwa nje, na huko hakurudishiki.

Lililovunjika

Shuleni, ajali ya meno ninayoiona sana inatokea bombani. Mtoto ameinama kunywa maji, mdomo umekaribia koki, aliye nyuma yake kwenye foleni anasukumwa, naye anamgonga kisogoni, na meno mawili ya juu yanapiga chuma. Wenye meno yaliyochomoza mbele ndio huumia zaidi. Anakuja na pembe ya jino imekatika.

Kitafute kipande. Kiweke kwenye maji safi au maziwa, kije pamoja na mtoto, kwa kuwa mara nyingi tunaweza kukigandisha tena na usione mstari. Kikifika kikavu, tunakiloweka kwenye maji kwa dakika 20 kwanza ili kirudishe rangi na nguvu. Kisipopatikana, tunajenga kwa kompositi. Iliyokatika ikiwa ni ngozi ngumu ya juu peke yake, kulainisha ukingo kunatosha. Ikionekana sehemu ya njano ndani, jino linauma kwa hewa na maji baridi, nasi tunaliziba siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa glasi ayonoma, simenti ya kuzibia jino, ya muda.

Ukiona kidoa chekundu au cha waridi katikati ya sehemu iliyokatika, huo ni moyo wa jino, nyama yake hai. Hapa ndipo meno mengi mazuri hung'olewa bila sababu. Mzazi anaambiwa “limefika kwenye mshipa, litoke,” naye anakubali. Mama, usikubali haraka. Mwaka 1978 Miomir Cvek, aliyefanya kazi Sweden, alichapisha njia ambayo hadi leo ndiyo tunayoitegemea: ondoa milimita 2 tu za ile nyama iliyo wazi kwa mashine yenye maji ya kupooza, kandamiza kwa pamba yenye maji ya dripu mpaka damu ikatike, weka kalsiamu haidroksaidi au MTA (simenti maalumu ya kufunikia nyama ya jino) juu yake, kisha ziba vizuri pasipenye mate. Nyama iliyobaki chini inapona, na kwa mtoto mdogo ndiyo itakayomalizia kujenga mzizi. Mtoto aliyefika siku ya pili au ya tatu bado anafaa kutibiwa hivyo. Usipokuwa na vifaa, funika kwa kalsiamu haidroksaidi na glasi ayonoma, mwandikie rufaa, umpe mzazi simu ya unakompeleka.

Nyumbani usipake kitu juu ya jino lililo wazi: mkaa, tumbaku, mafuta ya karafuu, wala dawa ya meno.

Wakati mwingine jino halijatoka wala halijakatika kichwani, ila mzizi umevunjika ndani ya mfupa. Eksirei huonyesha. Jino kama hilo hurudishwa mahali pake na kufungwa kwa wiki 4, au hadi miezi 4 kama mpasuko uko karibu na shingo, na mengi hupona bila kutibiwa mzizi.

Limelegea, limehama, limezama

Linauma likiguswa lakini halichezi: vyakula laini, na kuja kuangaliwa. Linacheza kidogo: pengine tutalifunga wiki 2. Limeteremka refu kuliko jirani: tunalirudisha na kulifunga wiki 2. Limesukumwa kuelekea ulimini na limekaza, ukiligonga linatoa mlio wa chuma: limekwama kwenye mfupa, lazima lichomolewe pale kwa ganzi, lirudishwe, lifungwe wiki 4.

La kuzama ndilo hupotosha watu. Mtoto anaanguka, jino halionekani, nyumba nzima inapekua mchanga. Kumbe liko juu, limezama kwenye mfupa. Likiwa changa, mzizi haujakamilika, mara nyingi huteremka lenyewe; tukiona kimya baada ya wiki 4 tunaanza kulivuta kwa waya. Kwa mtoto mkubwa, kama limezama chini ya milimita 3 tunalisubiri hadi wiki 8, na likizama zaidi tunalishusha sisi.

Miezi inayofuata

Wiki 2 za mwanzo ni za uji, wali mlaini, ndizi za kupondwa, samaki aliyechambuliwa. Muwa, kashata na mahindi ya kuchoma vingoje. Apige mswaki mlaini kila baada ya kula, na asukutue kwa klohexidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, ya asilimia 0.12 asubuhi na jioni kama inapatikana. Mpira upumzike.

Tatizo kubwa ninalolipata ni kwamba waya ukishatolewa, mtoto harudi tena. Haumwi, nauli ni ghali, jino linaonekana zuri. Lakini jino la ajali hufa kimya kimya. Hata vipimo vyetu vya baridi vinaweza kudanganya kwa miezi 3 ya kwanza, ndiyo maana hatuamui kwa kipimo kimoja. Kwa jino lililong'oka ambalo ncha ya mzizi imefungwa ratiba ni wiki 2, wiki 4, miezi 3, miezi 6, mwaka mmoja, kisha kila mwaka kwa angalau miaka 5. Iandikeni nyuma ya daftari la kliniki. Njoo kabla ya tarehe ukiona kijipu kidogo kwenye fizi juu ya jino, uvimbe, jino linalocheza upya, au rangi iliyogeuka kijivu. Rangi peke yake si hukumu ya kung'oa. Baadhi ya meno hubadilika rangi kisha yakarudi. Na jino linaloonekana fupi kila mwaka kuliko jirani yake limeshikana na mfupa huku taya likikua, na linahitaji mpango mapema.

Walimu wakuu, nawaomba mambo mawili ya bei nafuu. Foleni ya bomba isimamiwe na mtu mzima wakati wa mapumziko. Na kwenye sanduku la huduma ya kwanza kuwe na glovu, kitambaa safi, chupa ndogo ya maji ya dripu, kikombe chenye mfuniko, na pakiti ya maziwa yasiyohitaji friji, mkiangalia tarehe yake kila muhula.

Ikitokea jino limepotea kabisa, pengo lisiachwe hivi hivi, kwani meno jirani yatalala kulielekea. Mtoto atengenezewe jino bandia jepesi la kuvaa na kuvua, libadilishwe kadiri taya linavyokua. Jino la kupandikizwa kwenye mfupa lisubiri mpaka amalize kukua. Likipandwa mapema litabaki pale pale huku mengine yakishuka, na kazi yote itarudiwa.